Nafasi ya Kipeo Kisichokuwepo

Mhudumu wa ofisi alipiga hodi, na hapo ndipo Bi Hesabu alipojua kuwa kuna jambo. Siku zote mama yule aliingia darasani kama anayeingia jikoni kwake, akachukua kipande cha chaki bila kuomba, akatoka akiwatania wanafunzi wa mbele. Leo alisimama kizingitini, mikono nyuma, macho chini.

"Mwalimu, unaitwa kwa mkuu."

"Namalizia swali hili, nakuja."

"Amesema uliache hivyo hivyo."

Bi Hesabu, ambaye jina hilo alipewa na wanafunzi wa miaka ya nyuma na kila kundi jipya likalirithi pamoja na madawati, alitazama ubao ulioishia nusu. Aliweka chaki ukingoni, akapangusa vidole, akatoka.

Ofisini aliwakuta watatu: mkuu wa shule nyuma ya meza yake, mkaguzi wa elimu aliyevaa miwani ya kusomea, na mumewe. Mumewe alikuwa Mkuu wa Taaluma, kwa hiyo kumkuta hapo hakukuwa ajabu. Ajabu ilikuwa kwamba alikaa upande ule wa meza, bega kwa bega na mkaguzi, na kwamba mkewe alipoingia hakuinua macho. Kiti kilichobaki kilikuwa kimelemewa na mafaili.

"Karibu, sogeza tu hayo," mkuu alisema.

Aliyasogeza, asione pa kuyaweka. Akaketi akiwa ameyapakata kama mtoto wa mtu, na akaendelea kuyapakata muda wote aliohojiwa.

"Mtihani wa mchujo wa hesabu uliutunga wewe?" mkaguzi aliuliza.

"Ndiyo. Mkuu mwenyewe alinipa kazi hiyo."

"Uliuhifadhi wapi kabla ya kuchapwa?"

"Nyumbani, kwenye mkoba wangu. Kabati la hapa kitasa chake kilikufa muhula uliopita. Nilimweleza mkuu, akaniambia niende nao."

Mkuu akakohoa. "Hatujafika kwenye mambo ya vitasa, mama."

Neno hilo lilimgonga. Kwa miaka yote aliyofundisha pale, mkuu alimwita Mwalimu. Leo, mbele ya mgeni, amekuwa mama.

Mkaguzi alitandaza karatasi za majibu mezani. Zilikuwa za watoto watano. Aliwajua wote. Hawakuwa wajinga, lakini walikuwa watu wa kusubiri wenzao wajibu ndipo watikise vichwa, na mmoja wao, mtoto wa Mkandarasi, tajiri wa ujenzi, kalamu yenyewe alikuwa akiiazima. Hao watano ndio pekee waliolipata swali la mwisho, lile la kugawanya polinomia, swali ambalo hata vinara wa darasa liliwatoa jasho. Na mtihani huo haukuwa wa mzaha. Watakaoshika nafasi za juu wangesomeshwa masomo ya sayansi kwa ufadhili mpaka mwisho, na nafasi zenyewe zilikuwa za kuhesabika kwa vidole.

"Kupata si kosa," mkaguzi alisema. "Tatizo ni walivyopata. Tazama mwenyewe."

Akatazama.

Kugawanya polinomia kwa njia ya mkato ni kazi ya mistari mitatu. Mtu huziacha herufi pembeni, akapanga namba zake tu kwa safu, akateremsha ya kwanza, akazidisha, akahamia inayofuata. Kitabu cha shule kinataka namba ya kigawanyo igeuzwe alama kwanza, iliyo hasi iwe chanya, iliyo chanya iwe hasi, kisha kila hatua mtu ajumlishe. Baba yake Bi Hesabu, aliyekuwa mwalimu kabla yake, hakuipenda desturi hiyo. "Namba ya watu usiigeuze uso ndipo uitume kazi," alikuwa akisema. "Iache ilivyo, halafu utoe." Jibu huwa lile lile. Lakini anayejua kusoma kazi ya hesabu hutambua mara moja ipi ni ipi, kama mtu anavyotambua mwendo wa jirani yake gizani.

Watoto wale watano walikuwa wametoa.

"Nimekagua shule nyingi," mkaguzi aliendelea. "Njia hii siioni vitabuni. Nikauliza hapa, nani anagawanya hivi? Jina likaja moja."

"Huwa nawaonyesha wanafunzi mara moja kwa mwaka, ili waone kuwa njia ni mbili. Lakini kwa mtihani nawafundisha ya kitabu."

"Kwa hiyo unawaonyesha."

Hapo mumewe alisema kwa mara ya kwanza, kwa sauti ya upole, sauti ya mtu anayetetea. "Ni kweli huwa anawaonyesha, Mheshimiwa. Lakini kwa nia njema kabisa. Ni kumbukumbu ya baba yake."

Mkaguzi akaandika jambo. Bi Hesabu alimgeukia mumewe, naye alikuwa anatazama kalenda ukutani, kwa makini, kama anayetafuta sikukuu.

Akayarudisha macho kwenye karatasi. Swali lilisema: gawanya 2x³ − 5x + 4 kwa x − 3. Kipeo cha pili, x², hakimo. Mtu anayeijua kazi hukiwekea sifuri mahali pake, kisha anaendelea. Watoto wale hawakuweka sifuri. Mbili, halafu kistari kifupi, halafu hasi tano, halafu nne. Kistari hicho kilikuwa kwenye karatasi zote tano, kimelala mahali pale pale.

Alikunja midomo. Hakusema neno juu ya kistari, si kwa mkaguzi, si kwa mkuu. Aliomba ruhusa ya kurudi darasani, akaambiwa darasa limeshapewa mwalimu mwingine.

* * *

Nyumba yao ilikuwa na vyumba vilivyokwisha na vyumba vilivyosubiri. Vilivyosubiri vilikuwa kuta tupu upande wa nyuma, na kwenye kuta hizo, tangu mwezi uliopita, yalikuwa yameegemezwa mabati mapya yaliyofungwa kwa waya. Mumewe alisema ameyapata kwa Mkandarasi, rafiki yake, kwa bei ya kirafiki. Jioni kadhaa alikwenda huko kuzungumzia mabati, na kila aliporudi alikuwa mchangamfu. Bi Hesabu alifurahi kama mke yeyote anayeona paa linakaribia.

Binti yao, waliyemwita Chiriku kwa sababu hakunyamaza hata akiwa amelala, alimpokea mama yake mlangoni.

"Mama! Eti ni kweli umeuza mtihani?"

"Nani kasema?"

"Kila mtu. Msichana wa dawati la nyuma kaniambia, 'Mwambie mama yako na sisi atuuzie wa jiografia.' Nikamwambia mama yangu jiografia hajui, hata sokoni hupotea."

Bi Hesabu alicheka bila kutaka, kisha akashika kichwa. "Nenda kaoshe vyombo."

"Sasa ni kweli au si kweli?"

"Si kweli, mwanangu."

"Basi. Nilishasema si kweli. Nilitaka tu nijue kama nimesema ukweli."

Mumewe alirudi giza likianza kuingia. Alikula polepole, akamsubiri Chiriku aende chumbani, ndipo akasogeza kiti karibu na mkewe na kumshika mkono.

"Mama Chiriku, nimefikiri sana. Bodi inakaa Ijumaa. Ukienda kubishana, watakutafuna."

"Nifanye nini?"

"Kubali uzembe. Uzembe tu. Sema uliacha mkoba wazi chumba cha walimu, labda mtu akachungulia. Watakupa onyo, labda watakuhamisha. Lakini hutafutwa ualimu. Mimi nitakuwa pale ndani. Nitakusemea."

"Lakini sikuuacha chumba cha walimu. Ulikuwa hapa. Chini ya meza yangu ya kushonea."

"Najua. Wao hawajui."

Alimtazama mtu huyo aliyemjua tangu wote wawili wakiwa na magoti ya vumbi. Alikuja kwao akiwa kijana wa shule asiye na pa kulala, baba yake Bi Hesabu akampa godoro na benchi. Nyuma ya nyumba yao ukuta mzima ulipakwa rangi nyeusi, ukawa ubao. Hapo ndipo mzee alipowafundisha wote wawili kugawanya kwa kutoa. Hapo pia ndipo alipomgombeza kijana yule kwa pupa yake. Kila kipeo kilipokosekana, kijana aliburuza kistari na kusonga mbele. "Kistari si namba!" mzee angesema, akikifuta kwa kiganja. "Sifuri maana yake ni kwamba nafasi yake ipo, mwenyewe ndiye hayupo. Asiyekuwepo mwekee nafasi yake, usije ukampa mwingine." Kijana alicheka, akaandika sifuri, na swali lililofuata akaburuza kistari tena. Mkono wake haukuwahi kujifunza. Hata alipokuwa mwalimu, hata ubaoni mbele ya wanafunzi, kistari kilitoka chenyewe.

"Nikuulize kitu," Bi Hesabu alisema.

"Uliza."

"Ulifungua mkoba wangu?"

Mkono uliomshika ukalegea. Mumewe alirudisha kiti nyuma, taratibu, kama aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Mimi? Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza tu, mume wangu."

"Watu wote wanakusema vibaya, mimi peke yangu ndiye nakutafutia njia ya kutokea, halafu unanigeuzia kibao mimi?" Macho yake yalilowa kweli. "Haya. Sawa. Kesho waambie ni mimi. Si ndivyo unavyotaka?"

Akaona aibu. Alimwomba radhi, akamwambia ni uchovu, akamchemshia chai ya pili. Kistari hakukitaja. Alijiambia kwamba ni kitu kidogo, kwamba mtoto yeyote mvivu anaweza kuburuza kistari, na kwamba mmoja akikiburuza wanne wanaomwiga watakiburuza pia. Alijiambia hayo kwa namna nyingi, na kila namna ilihitaji kuanzwa upya.

* * *

Siku zilizofuata alikuja shuleni kukaa. Vipindi vyake vilikwisha kugawiwa. Mkuu alimwomba funguo za stoo ya vitabu, na alipozitoa mkobani mkuu aliuangalia ule mkoba kama unaotoa harufu. Katika chumba cha walimu wenzake walimsalimu wote, kwa sauti ndefu kuliko kawaida, kisha kila mmoja akakumbuka kazi ya nje. Mwalimu wa michezo tu ndiye aliyebaki, tena kwa sababu alikuwa anakula.

"Dada, wewe usijali," alimwambia mdomo umejaa. "Mimi najua hukufanya. Na kama ulifanya, basi ulikuwa na shida."

"Sikufanya, kaka."

"Ndiyo, ndiyo. Nasema tu kama."

Mhudumu wa ofisi alipoleta chai, alimwekea Bi Hesabu kikombe kilichovunjika mkono, kile cha mafundi. Aliposhtukia alichofanya alitaka kukichukua abadilishe, lakini wote wawili wakaona kuwa kubadilisha kungekuwa vibaya zaidi. Bi Hesabu akakipokea kwa viganja viwili, akanywa chai ikimuunguza.

Kutoka pale alipokaa aliona uwanja, na ng'ambo ya uwanja darasa lake. Mumewe ndiye aliyechukua kipindi chake cha mwisho. Alimwona dirishani akifundisha, mrefu, kifua mbele, akichekesha watoto. Alifundisha vizuri. Siku zote alifundisha vizuri. Alhamisi hiyo Bi Hesabu alisimama, akapita karibu na dirisha kama anayekwenda msalani, akatupa jicho ubaoni. Ilikuwa polinomia. Kipeo kimoja hakikuwemo, na mahali pake palikuwa na sifuri, ya duara, safi.

Alisimama hapo mpaka mwanafunzi mmoja akamwona, ndipo akaondoka. Huenda ameamua kujirekebisha, alijiambia. Watu hujirekebisha. Lakini alipita mlango wa msalani bila kuuona.

* * *

Bodi ilikaa katika darasa tupu kwa kuwa ofisi ya mkuu ilikuwa ndogo. Wakubwa walipangiwa meza mbele, karibu na ubao. Bi Hesabu aliwekwa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakigonga ubao wa chini, mbele ya macho yake majina yaliyochongwa kwa ncha ya bikari na watoto waliokwisha kuwa watu wazima. Mwenyekiti alikuwa muuguzi mstaafu, mama mwenye sauti ya wodini, asiyependa mizunguko. Kulia kwake alikaa katibu wa bodi, kijana mpima ardhi aliyesoma shule hiyo hiyo. Kushoto, mkaguzi na mkuu wa shule. Na mwisho wa meza, mumewe.

"Kabla hatujaanza," mwenyekiti alisema, "huyu ni mume wa mlalamikiwa. Anakaa hapa kwa kofia gani?"

"Niko hapa kama Mkuu wa Taaluma, si kama mume," alijibu mwenyewe.

"Mama, una pingamizi?"

Bi Hesabu alisema hana.

Mkaguzi alieleza yote, kwa haki, bila chuki. Watoto watano hujisomea pamoja jioni kibarazani kwa Mkandarasi. Wakiulizwa, husema walikuta karatasi yenye majibu, hawajui ya nani. Wote wamegawanya kwa njia ya kutoa. Mtunzi wa mtihani ni mwalimu huyu, mtihani ulikuwa mikononi mwake, na njia ni yake. Akipatikana na hatia, atafutwa kwenye orodha ya walimu na hatafundisha tena popote.

"Unasemaje?" mwenyekiti aliuliza.

Mumewe alikohoa kidogo, akainamisha kichwa kwa ishara ambayo yeye peke yake angeielewa: sema ulivyoambiwa. Mkoba, chumba cha walimu, uzembe. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Alikuwa ameyakariri usiku. Angeyasema, angepata onyo, wangerudi nyumbani pamoja, na paa lingeezekwa.

"Mtihani haukutoka nje ya nyumba yangu," alisema. "Ulikuwa chini ya meza yangu ya kushonea mpaka siku niliyoukabidhi."

Mkuu wa shule akamtazama kwa mshangao. Mumewe akafumba macho.

"Unajimaliza mwenyewe, mama," mkaguzi alisema, si kwa ukali.

"Nasema ilivyokuwa. Na njia hiyo nimeirithi kwa baba yangu, ni kweli. Lakini baba yangu alituachia wawili."

"Wawili akina nani?"

"Mimi na mume wangu. Tulikaa benchi moja."

Viti vikalia. Mwenyekiti aligeuka mpaka mwisho wa meza. "Ni kweli, Mwalimu?"

"Ni mambo ya zamani sana, Mheshimiwa. Mimi nafundisha ya kitabu."

"Lakini unaijua."

"Naijua."

"Wiki nzima mkaguzi anatafuta nani shuleni hapa anaijua njia hii, nawe unaijua. Hukusema."

"Sikuulizwa," mumewe alisema.

Bi Hesabu alihisi neno hilo likishuka ndani yake kama jiwe ndani ya kisima, akisubiri lifike chini. Hata hivyo alikuwa bado na tumaini moja, dogo, la kipumbavu, na ndilo lililomfanya anyanyuke kwenye dawati.

"Naomba jambo moja," alisema. "Mkaguzi atuandikie swali ubaoni. Tugawanye wote wawili, kila mtu upande wake, kwa njia ya baba. Mengine mtaamua."

Mwenyekiti alitazamana na mkaguzi, akainua mabega. Mkaguzi akanyanyuka, akaandika: gawanya x⁴ − 3x² + 5 kwa x + 2. Vipeo viwili havikuwemo.

Wakasimama ubaoni bega kwa bega, kama walivyosimama mbele ya ukuta mweusi wa mzee. Bi Hesabu alimaliza upesi: moja, sifuri, hasi tatu, sifuri, tano. Akaacha mbili ilivyo, akazidisha, akatoa. Baki, tisa. Kisha akageuza kichwa kumtazama mumewe, na hicho ndicho alichokuja kukitazama.

Alitaka kuona kistari. Mtu asiye na hatia hakuwa na sababu ya kukificha. Hakuna aliyekitaja kistari, si mkaguzi, si mkuu, na yeye mwenyewe alikifungia kifuani tangu siku ya kwanza. Mumewe akiandika kama mkono wake ulivyozoea, atajitia mashakani mbele ya watu, ndiyo, lakini mkewe atajua kwamba hana anachokificha. Atasimama naye. Atawaambia yeye mwenyewe kuwa kistari kinaweza kuwa cha yeyote. Alikuwa tayari.

Mumewe aliandika moja. Chaki ikasogea kulia, ikagusa ubao ikiwa imelala, tayari kuburuzwa. Ikasita. Ikainuka. Kisha taratibu, kwa uangalifu wa mtoto wa darasa la kwanza anayesimamiwa, akachora sifuri. Akaandika hasi tatu. Akachora sifuri ya pili. Akamaliza kwa tano, akazidisha, akatoa, akapata tisa.

"Mmepata jibu moja," mkaguzi alisema. "Na kazi ni ile ile, herufi kwa herufi. Sioni hili linatusaidia nini."

Bi Hesabu alikuwa anaitazama ile sifuri. Kumbe amekaa na karatasi za watoto wale, amejiona ndani yake, ameelewa. Kumbe jioni ile alipomshika mkono na kulowesha macho, alikuwa ameshaelewa. Na hapa, mbele ya ubao, nafasi moja ya mkono wake kusema kweli, ameutia adabu ambayo mzee hakuweza kuutia kwa miaka yote ya godoro na benchi, ili mkewe azame peke yake.

"Rudini mkae," mwenyekiti alisema.

"Samahani." Alikuwa mpima ardhi. Alikuwa ameinamia karatasi za majibu, moja baada ya nyingine, na sasa aliuangalia ubao. Aliongea kwa haya, kama mtu anayelazimika kumsahihisha mkwewe. "Samahani sana, Mwalimu. Mimi ulinifundisha miaka minne. Sisi kipeo kisipokuwepo ulituambia tuburuze kistari. Ulisema sifuri inapoteza wino."

Mumewe alicheka. "Ulikuwa utani, bwana mdogo. Wa kukumbukia."

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini ulikuwa ukifanya hivyo hivyo. Mpaka leo mimi nafanya hivyo, kazini wananicheka." Akasukuma karatasi moja katikati ya meza, taratibu, kwa kidole. "Hawa watoto nao wana kistari. Wote. Na huyu mama ameweka sifuri. Nauliza tu. Leo kwa nini umeandika sifuri?"

Mkaguzi alivua miwani, akaivaa tena, akavuta karatasi zote tano. Mkuu wa shule akainama naye.

Mumewe alimgeukia mkewe. Hakuwa na mtu mwingine wa kumgeukia. Vumbi la chaki lilikuwa limemshika kwenye nyusi na kumfanya aonekane mzee ghafla.

"Mama Chiriku," alisema. "Waambie. Wewe unanijua."

Bi Hesabu alichukua kifutio. Kwa mazoea ya kazi, mwalimu hatoki akaacha ubao mchafu, alifuta upande wake kuanzia juu mpaka chini, akakigonga kifutio ukingoni kutoa vumbi, akakiweka. Upande wa mumewe aliuacha.

"Nakujua," alisema.

* * *

Walimwambia aende nyumbani, na kwamba Jumatatu aje achukue vipindi vyake. Mwenyekiti alimpa mkono, akamwita Mwalimu. Mkuu alimrudishia funguo za stoo bila kumtazama usoni. Mumewe alibakizwa ndani, lakini alitoka nyuma yake mara moja, akamfikia kwenye ujia.

"Nisikilize. Mkandarasi anafungua shule mpya. Aliniahidi ukuu. Ningekuchukua na wewe huko huko, tungeanza upya. Sikujua wataishika njia, nilidhani watakopi jibu tu..."

"Na walipoishika?"

Akapangusa vumbi la chaki kwenye nyusi.

"Walipoishika, ukanambia niseme mkoba ulikuwa wazi," alisema Bi Hesabu. "Rudi ndani. Wanakusubiri."

Nyumbani Chiriku alikuwa ameshapata habari zote, na zaidi ya zote. Alimkumbatia mama yake kiunoni, akashindwa kusema, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kisha akajipangusa pua kwa mkono, akaenda kupanga meza, kwa sababu ilikuwa zamu yake. Aliweka sahani yake, akaweka ya mama, akaweka ya tatu kwa mazoea, pale panapotazama mlango. Akasimama akiishikilia ukingoni. Nje upepo ulikuwa unayatikisa mabati kwenye kuta zisizo na paa, na waya ulioyafunga ulikuwa ukilia.

"Mama. Hii ya baba niitoe?"

Bi Hesabu alikuwa anapakua. Alipakua sahani ya binti yake, akapakua yake, akafunika sufuria.

"Iache," alisema. "Mahali pake paonekane."

Wakaketi wakala, na ile sahani tupu ikiwa kati yao.